Kukagua sarafu ya kale ya Uchina kabla hujatoa pesa

Muuzaji wa Nairobi mwenye sarafu ya tundu la mraba mara nyingi ataanza na Lamu. Mwaka 2013 wanaakiolojia walipata kisiwani Manda, huko Lamu, sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala Uchina kuanzia 1402 hadi 1424, na hadithi hiyo imekuwa chambo kizuri. Msikilize kwa adabu, kisha uikague sarafu yenyewe.

Uwe na sumaku (ya spika mbovu kutoka Luthuli Avenue inatosha), mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia upana) na lenzi ya kukuza mara 10.

Anza na maandishi. Hata kama hujui Kichina, unaweza kulinganisha herufi na picha za aina hiyo hiyo katika makusanyo ya makumbusho. Geuza nyuma: maandishi ya Kimanchu, yaliyosimama wima kushoto na kulia mwa tundu, ni ya utawala wa Qing (1644 hadi 1912). Ukiyakuta nyuma ya sarafu ya enzi ya Tang au Song, tawala zilizotangulia Qing, irudishe. Yongle Tongbao, yaani sarafu ya Yongle, ya kawaida haina kitu nyuma.

Kai Yuan Tong Bao, sarafu ya Tang iliyoanza kutolewa mwaka 621, ilikuwa na upana wa takriban milimita 24 na uzito wa karibu gramu 4, na nyingi zilizofuata hazikwenda mbali na hapo. Lakini zilisubiwa kwa mikono, kwa hiyo mbili za aina moja hutofautiana uzito. Cha kutilia shaka ni fungu zima lenye uzito uleule, au sarafu mbili zenye kishimo kilekile mahali palepale. Anayeghushi huchukua sarafu halisi, akatengeneza kalibu kwayo, na shaba ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1.5. Nakala ya sarafu ya milimita 25 hupungua kama milimita 0.4, na herufi zake huonekana kama sabuni iliyotumika.

Sumaku ikishika kwa nguvu, huenda ni chuma kilichopakwa rangi. Lakini si kila mara: enzi ya Song, kwa mfano, zilikuwapo sarafu za chuma, hasa katika jimbo la Sichuan, na hizo huwa na kutu ya kahawia.

Sasa lenzi. Tazama ukingo wa nje na kuta za tundu. Sarafu halisi zilipangwa kwenye ufito wa mraba zikapigwa tupa, hivyo tafuta mikwaruzo midogo isiyolingana. Ukingo laini kabisa unatia shaka kwamba imegongwa kwa mashine. Vishimo vya hewa pekee havithibitishi chochote, kwa sababu hata zile halisi zilimiminwa kalibuni.

Kutu ndiyo inayodanganya wengi. Ya kweli ni ngumu, ina tabaka, mara nyingi nyekundu chini na kijani juu, na sehemu zilizoinuka huwa zimelika kwa kushikwa. Ya bandia ni unga na gundi, imeenea sawasawa hadi ndani ya herufi. Lowesha pamba kwa asetoni (kiyeyushi cha kuondolea rangi ya kucha) isiyochanganywa, usugue mahali padogo pa nyuma, kisha chokoa kwa kijiti cha meno. Pamba ikitoka na kijani kingi, au rangi ikibanduka na kuacha shaba inayong'aa, una jibu. Ndimu, siki na Brasso ni mwiko: zitaharibu hata sarafu ya kweli. Unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta ni jambo lingine, ni chumvi ya kloridi inayokula shaba. Ihifadhi sarafu hiyo pakavu.

Kuidondosha mezani usikilize mlio ni ushauri mbovu. Sarafu iliyoliwa na kutu hulia vibaya hata ikiwa halisi, na inaweza kuvunjika.

Ukibaki na shaka na bei ni kubwa, omba ipimwe kwa mashine ya eksrei inayosoma metali. Kabla ya karne ya 16 sarafu hizi zilikuwa za shaba, bati na risasi. Zinki nyingi kwenye sarafu ya Song au ya Yongle ni dosari kubwa.

Na muuzaji akishikilia kwamba ilichimbwa pwani, usinunue. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kiakiolojia aiarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, akieleza mahali na jinsi alivyokipata.