Misindano inakauka? Anza na mti wa kijani, si ule mwekundu

Simu za misindano kukauka hunijia zaidi Februari na Machi mwanzoni, jua limeshakamua udongo na masika bado hayajashuka. Mwaka juzi alinipigia mzee mmoja wa Siha mwenye ekari mbili za misindano. "Bwana miti, minne imegeuka rangi ya kutu. Kijana wa chenso anakuja kesho kuiangusha." Nikamwomba, "Mzee, nivumilie siku moja." Nilipofika, ile minne ilikuwa mitupu, wadudu wameshahama. Waliokuwa hai walikuwa ndani ya miti saba ya jirani, kijani kibichi, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitazama. Kijana wa chenso angeangusha minne, akalipwa, na shida ingebaki palepale imesimama.

Mdudu ninayemsema ni bungua wa gome: mweusi au wa kahawia, wengi wao milimita 2 hadi 6 tu. Anaishi kati ya gome na mbao, kwenye ile ngozi laini inayopitisha chakula cha mti. Wenye kahawa wa Machame na Old Moshi wanamfahamu nduguye, maana kale kanakotoboa tunda la kahawa ni ka ukoo huohuo. Mti wenye maji ya kutosha humzamisha kwa utomvu. Mti uliochoka, kwa ukame, kwa kubanana au kwa majeraha, utomvu wake ni haba. Wa kwanza akifanikiwa kuingia, hutoa harufu ya kuita wenzake, na wakija mamia utomvu hauwezi kuwatosha wote. Huja pia na ukungu unaoziba njia za maji na kuacha michirizi ya bluu kwenye mbao. Wauza mbao mnaijua hiyo bluu, na mnajua inavyoshusha bei.

Kanada, katika jimbo la British Columbia, ndugu yake mkubwa aliathiri zaidi ya hekta milioni 18 za misindano, kwa sehemu kubwa kwa sababu ile baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri iliyokuwa ikiua mabuu haikuja kama zamani. Huyo hatunaye. Misindano yetu mingi ya Meru na Kilimanjaro ni Pinus patula, asili yake Mexico, ililetwa ikawaacha kwao maadui zake wakubwa. Tunaopambana nao huku, kwa niliyoyaona, wengi ni wafuata mizoga: wanakwenda kwenye mti uliokwisha kulegea. Hiyo ni habari njema. Ubaya ni kwamba hatuna baridi ya kuwaua, kwa hiyo wanazaana mwaka mzima, na kwenye joto kizazi kinaweza kukamilika ndani ya wiki chache.

Hatua ya 1: Soma unga

Nenda asubuhi, siku ambayo haikunyesha. Beba kisu chenye makali, panga, lensi ya kukuzia, kichupa cha spiriti, na rangi ya kuwekea alama. Simama kwenye mti mwekundu, kisha uupe mgongo. Kagua kila msindano ulio ndani ya mita 20 au 30 kuuzunguka, mmoja mmoja, kuanzia shina hadi pale jicho linapofika.

Unachotafuta ni unga. Bungua akichimba husukuma nje vumbi la rangi ya kahawia nyekundu, kama tumbaku ya ugoro. Hukaa kwenye nyufa za gome, juu ya majani ya magugu chini ya shina, na mahali ninapopapenda kuliko pote: kwenye utando wa buibui. Upepo na umande huondoa unga kwenye gome, lakini utando huukamata na kuutunza. Buibui mmoja pale shinani amenisaidia mara nyingi kuliko lensi yangu.

Unga ukiwa mweupe, huyo ni mwingine anayeingia ndani ya mbao yenyewe. Anaharibu gogo, ila hasambai kwa mtindo huu. Ukiona vijidonge vya utomvu vilivyotoka kama punje za mahindi ya kukaangwa, vikiwa na kitundu katikati, mti ulijitetea. Kama vijidonge ni vikavu na hakuna unga, huenda mti umeshinda. Uache, ila uupake alama.

Hatua ya 2: Fungua dirisha

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa hiyo usiharakishe. Usawa wa kifua, kata gome mraba wa upana wa kiganja, uliinue taratibu kwa ncha ya kisu. Gome la mti wenye afya hung'ang'ania, na chini yake ni peupe na penye maji. Gome la mti ulioingiwa hubanduka kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake unakuta michoro: njia moja kuu ya mama, na vijia vyembamba vya watoto vikitoka pembeni na kupanuka kadiri buu alivyokua. Harufu ni ya chachu kidogo, kama pombe iliyoanza kuumuka.

Sasa tazama nani yumo.

Ukikuta mayai au mabuu weupe wasio na miguu, una muda. Ukikuta pupa (buu aliyetulia akigeuka kuwa mdudu kamili), au wadudu wachanga wa rangi ya chai ya maziwa, muda umekwisha: hawa ni siku chache tu wakomae na kuruka. Ukikuta gome limejaa vitundu vya duara kama limepigwa risasi za njugu, na ndani hamna kitu, wameshaondoka. Mti huo ni mbao au kuni tu, kata utakapopenda. Ile minne ya mzee wa Siha ilikuwa hivyo.

Weka wadudu wawili watatu kwenye spiriti, andika tarehe na mahali. Ukikuta miti minene yenye nguvu, isiyo na kiu wala jeraha, imevamiwa kwa pamoja, usikae na habari hiyo: huenda ni mdudu mgeni. Peleka sampuli kwa afisa misitu wa wilaya au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), ambayo makao yake makuu yako Arusha. Tuna kumbukumbu ya kidukari wa mikrismasi: alionekana Malawi mwaka 1986, na miaka michache baadaye alikuwa kwenye mikrismasi yetu.

Hatua ya 3: Hakikisha si kitu kingine

Sufi nyeupe kwenye vichipukizi ni kidukari wa msindano. Utando mweupe wa ukungu chini ya gome karibu na mizizi ni ugonjwa wa kuoza mizizi, na huo kukata mti wa juu peke yake hakuumalizi. Gome lililobanduliwa vipande vipande juu kabisa, karibu na kilele, ni kima. Mlioko pembeni mwa hifadhi mnawajua. Lakini baada ya kima huja bungua, kwa hiyo kagua hata hapo.

Hatua ya 4: Kibali

Usianze kukata bila kuongea na afisa misitu, hata kama shamba ni lako na miti ulipanda mwenyewe. Mpigie, mtumie picha ya dirisha la gome kwenye simu. Picha hiyo huharakisha mambo. Kibali cha kusafirisha magogo nacho kiulizie siku hiyohiyo. Magogo yanayongoja karatasi barabarani huku yamejaa pupa ni gari la abiria bila nauli.

Hatua ya 5: Kata kwa mpangilio, umenye

Anza na miti ya kijani iliyoingiwa karibuni, ile ya ukingoni, ukirudi kuelekea katikati kwenye ile myekundu. Waendesha chenso hupenda kuanza na mikavu kwa kuwa ni myepesi. Kataa.

Mti ukishalala, chaguo la kwanza ni kuutoa shambani kabisa uende kuchanwa mara moja, na magome ya kiwandani yasirundikwe. Usipopata gari ndani ya siku chache, menya. Panga kali na vijana wawili humenya gogo la msindano upesi kuliko unavyofikiri, kwa sababu gome lililoliwa linajibandua lenyewe. Kama ni mabuu, tandaza gome juani, upande wa ndani ukiangalia juu: jua na siafu watamaliza kazi, na kuku kama wako karibu hufurahi. Kama ni pupa au wachanga, gome lenyewe lazima liangamizwe. Kuchoma kunahitaji ruhusa na siku isiyo na upepo, na kwenye miteremko yetu mimi nachagua shimo: nafukia na kushindilia udongo. Kumbuka kisiki. Watu humenya gogo zima wakaacha kisiki cha nusu mita kikiwa na gome lake.

Njia ya tatu ni nailoni ya kupitisha mwanga. Panga magogo kwa tabaka moja, au mawili yasizidi, penye jua kamili, funika, fukia kingo zote kwa udongo, acha wiki kadhaa. Moshi mjini au tambarare za Arusha mwezi wa Januari inafanya kazi vizuri. Juu mlimani kwenye ukungu, Juni na Julai, ni kupoteza nailoni. Viwanda vinavyotengeneza paleti za kusafirishwa nje hupasha mbao hadi kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30. Jua la mawingu halikaribii huko.

Hatua ya 6: Kuhusu dawa

Duka la pembejeo watakuuzia. Lakini mdudu yuko chini ya gome na dawa iko juu yake. Nchi zinazonyunyiza hufanya hivyo kabla ya mti kuingiwa, shina zima hadi juu, kwa miti ya thamani kubwa kama ya bustani. Kwa shamba la ekari mbili, fedha hiyo lipa vijana wa kumenya.

Hatua ya 7: Punguza msongamano

Nafasi ya mita 3 kwa 3 hutoa miti 1,111 kwa hekta, takriban 450 kwa ekari. Hiyo ni idadi ya kupandia. Haifai ikae hivyo hadi uvunaji. Shamba la yule mzee halikuwahi kupunguzwa hata mara moja. Mashina yalikuwa membamba, vilele vimebanwa, na ile minne ya kwanza ilikuwa kwenye jiwe, udongo wa shubiri moja. Mimi hupunguza baada ya masika, Juni hadi Agosti, miti ikiwa imeshiba maji. Toa kwanza iliyopinda, iliyojeruhiwa na iliyodumaa. Mabaki yote manene kuliko mkono yatoke au yamenywe, matawi membamba yasambazwe yakauke haraka.

Ukivuna eneo lote, usikimbilie kupanda upya juu ya visiki vibichi. Afrika Kusini wana bungua mmoja wa kutoka Ulaya, Hylastes angustatus, anayezaliana kwenye visiki kisha anakula gome la miche michanga chini kabisa, karibu na mizizi. Kusubiri kunampunguza.

Hatua ya 8: Gogo la mtego

Baada ya kusafisha, rudi ukague miti iliyobaki kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Acha pia magogo mawili mabichi, yenye gome, kivulini pembeni mwa eneo. Wadudu waliobaki watavutwa huko. Magogo hayo yafungulie dirisha kila wiki. Ukiona mabuu wamenenepa, menya gogo lote na ufukie gome.

Andika tarehe kwenye gogo lenyewe kwa rangi, na uiweke kwenye simu ikupigie kengele. Niliwahi kulisahau moja kwenye shamba la Rombo, nikarudi baada ya miezi mitatu. Gome lilikuwa limejaa vitundu vya njugu, na kwenye msindano wa karibu, utando wa buibui ulikuwa mwekundu kwa unga. Nilimenya miti mitatu kwa gharama yangu.