Kupiga kambi na marafiki Newala msimu wa kipupwe, hatua kwa hatua

Watu wakisikia kulala nje huogopa nyoka na fisi. Newala, juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, kinacholirudisha kundi mjini kabla ya wakati ni madumu matupu, au hema lililong'olewa na upepo saa nane za usiku. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maji na upepo. Hesabu nimeifanya kwa kundi la watu sita watakaolala mara mbili.

1. Chagua wiki

Juni hadi Agosti panafaa: mvua zimekwisha, barabara ya kupitia Nanyamba na Tandahimba haina tope, na wenye watoto wana likizo ya Juni. Ila kumbuka, huu ndio msimu wa kupulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Mabomba huanza kunguruma alfajiri, majani yakiwa bado na umande, na unga ule wa salfa huwasha macho na kifua. Kivuli cha mkorosho kinavutia sana kwa hema, lakini uliza kwanza shamba hilo linapuliziwa lini.

2. Bisha hodi

Kila ardhi ina mwenyewe. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mchana, mkiwa na vitambulisho vya NIDA. Ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji, na wageni wanaowasha moto usiku ukingoni mwa uwanda bila taarifa lazima waulizwe. Mpeni shikamoo mzee wa shamba, mwelezeni mko wangapi na mnaondoka lini. Mwombeni pia kijana wa hapo awe mwenyeji wenu, mkubaliane malipo mapema. Msishuke bondeni bila yeye.

3. Maji: bebeni yote

Juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa mchanga. Mvua huzama palepale, kisha maji hutokeza chini ya ukingo, mamia ya mita kutoka mlipo. Kwa vizazi kina mama wamepanda mteremko ule na ndoo kichwani. Ndiyo maana sipendi kabisa kuona kambi inaomba maji kwa jirani kana kwamba ni kitu cha bure.

Pigeni hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuosha vyombo. Watu 6 kwa siku 2 ni lita 60, yaani madumu 3 ya lita 20. Ongezeni dumu la nne la akiba. Dumu la kunywa litiwe alama na lisichotwe kwa kikombe; mimineni. Vyombo visuguliwe kwanza kwa mchanga mkavu, halafu visuuzwe kwa maji kidogo. Kuoga kusubiri nyumbani, kitambaa chenye maji kinatosha.

4. Simamisheni mahema kabla ya jioni

Fikeni saa tisa alasiri, kwa sababu jua huzama mara tu baada ya saa kumi na mbili. Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda, ni pa kutazamia bonde la Ruvuma, si pa kulala. Rudini nyuma mbali na ukingo, nyuma ya kichaka kinachokata upepo wa kusi, na mlango wa hema uupe upepo kisogo.

Kigingi cha kawaida hakishiki kwenye mchanga. Fungeni kamba katikati ya kijiti kinene, mkifukie kikiwa kimelala kwenye shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, mshindilie. Kamba ivutwe kwa mshazari. Mkikosa vijiti, jazeni viroba mchanga, mvifunge kamba na kuvifukia vivyo hivyo.

Ndani, mkeka chini, godoro juu yake. Baridi ya kule hutoka ardhini, na wanaotoka Mtwara mjini au Lindi huidharau. Kila mtu awe na sweta, soksi na blanketi lake.

5. Moto na chakula

Nyasi ni kavu na mikorosho ni mali ya mtu, kwa hiyo pikeni kwa jiko la mkaa. Fyekeni na kufagia mahali pake, muwe na rundo la mchanga karibu. Unga wa muhogo, samaki wakavu na mbaazi mbichi za kuchemsha na maganda yake vinatosha. Mkiikuta ming'oko njiani, ile mizizi ya porini inayoliwa, nunueni.

Mkipewa korosho zenye maganda, msizichome kwenye jiko la chakula. Ganda lina mafuta makali yanayolipuka moto na kuunguza ngozi. Tumieni bati lililotobolewa, mbali na mahema, upande ambao upepo unaondoa moshi, mkigeuza kwa fimbo ndefu.

6. Choo

Shimo lichimbwe mbali na shamba na njia, na kila mtu afukie baada ya kutumia. Jembe na tochi vikae mahali pamoja.

7. Kufunga kambi

Asubuhi hema huwa limelowa umande. Likunjeni hivyo hivyo kama jua limechelewa, lakini mkifika nyumbani lianikeni siku hiyo hiyo, maana likilala na unyevu huota ukungu na kunuka. Fukueni vijiti na viroba vyote, takataka zirudi nanyi mjini, kisha mpitieni mzee kumuaga. Maji yaliyobaki kwenye dumu la akiba mwachieni yeye.