Namna ya Kufuatilia Asili ya *morzъ, Neno la Kislavi-mame la Jalidi

Hatua ya 1: Kusanya maneno ya lugha zilizo hai, zilizozaliwa na Kislavi-mame, yaani lugha ya kale iliyo mama wa lugha zote za Kislavi. Kwa jalidi, yaani baridi inayogandisha maji, Kirusi kina moroz, Kipolandi mróz, Kicheki mráz na Kibulgaria mraz. Mimi huyaandika kwenye karatasi, moja chini ya jingine, kwa sababu hapo ndipo jicho linapoona kwamba m na z hazibadiliki popote, na kwamba tofauti yote imo katikati.

Hatua ya 2: Ieleze sehemu hiyo ya katikati, nayo ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Warusi wana oro, Wapolandi ro, Wacheki na Wabulgaria ra. Shahidi bora ni neno lenye maana ya mfalme: korol kwa Kirusi, król kwa Kipolandi, král kwa Kicheki. Wanaisimu wengi hulitoa katika jina la Karl, mtawala wa Wafaranki aliyefariki mwaka 814. Jina hilo lina irabu kabla ya r, na kwa kuwa limegawanyika sawasawa na neno la jalidi, tunapata haki ya kuitanguliza o mbele ya r na kuandika *morzъ (ъ ni irabu fupi sana iliyopotea baadaye), na pia tunajua kwamba mgawanyiko huo haukuwa umekamilika katika zama zake. Kinyota kinaonyesha kwamba umbo hilo halijaonekana katika hati yoyote. Kislavi cha Kale cha Kanisa, lugha ya Kislavi ya kwanza kuandikwa, tayari kina mrazъ.

Hatua ya 3: Tafuta kitenzi cha mzizi huohuo. Kuganda ni mjorznut kwa Kirusi na mrznout kwa Kicheki, kutoka *mьrznǫti, ambapo ь ni irabu fupi sana inayokaribia i na ǫ ni o ya puani. Irabu imebadilika, konsonanti zimebaki.

Hatua ya 4: Toka nje ya Kislavi. Kialbania kina mardhë, baridi ya kutetemesha, lakini usiridhike na mfanano tu, bali pima kila sauti. Jino ni dhëmb kwa Kialbania na zub kwa Kirusi, hivyo dh hulingana na z. Usiku ni natë na noch, hivyo a hulingana na o. Sauti zote zikikubaliana namna hiyo, mzizi *morǵ- wa Kiindo-Ulaya-mame, lugha iliyo mama wa Kislavi, Kialbania na Kilatini, unasimama, ambapo ǵ ni g iliyotamkiwa karibu na kaakaa gumu, nayo ndiyo iliyozaa z na dh. Mors ya Kilatini, yaani kifo, huwavuta wanafunzi wengi kwa kuwa jalidi huua mimea, ila iache: inaiacha z bila maelezo.