Kabla hujapiga kamba za msingi, panga siku

Wateja wangu wengi huja na simu mkononi. Mtu anafungua picha, anaikuza kwa vidole viwili, ananisogezea: "Dada, mimi nataka kitu kama hiki." Nyumba nyeupe pee, paa limefichwa nyuma ya ukuta, vioo toka chini mpaka juu, na mbele limeegeshwa gari ambalo yeye bado hajalinunua. Namuuliza mambo mawili tu. Mama yako akija kukutembelea, saa kumi jioni atakaa wapi? Na masika ikishika siku tatu mfululizo, nguo za watoto zitaanikwa wapi? Akianza kucheka, najua ramani bado.

Nachora ramani za nyumba za kawaida hapa Dar es Salaam, vyumba vitatu vinne, za watu wanaojenga kwa mshahara: mwezi huu tofali mia mbili, mwezi ule lori la mchanga, bati mpaka apokee mchezo. Mtu wa namna hiyo akikosea hana fedha ya kubomoa. Atakaa na kosa lake mpaka wajukuu wamkute nalo.

Nalijua hilo vizuri. Nyumba yangu ya kwanza niliichora mwenyewe, nimetoka chuo juzi, na niliikosea. Barabara ilikuwa mashariki, nikataka sebule iitazame barabara ili wapita njia waone pazia. Vyumba vya kulala vikaangukia magharibi. Usiku wa kwanza, saa tatu, niliegemeza kiganja ukutani juu ya kitanda: ukuta ulikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Tofali la inchi sita likipigwa jua tangu saa nane mchana, joto lake unakuja kulipokea wewe usiku, umeshalala. Kila Februari tulihamishia godoro sebuleni.

Kisha akaja mama. Alikaa kwenye sofa kama dakika kumi, akainuka, akachukua ndoo tupu ya rangi, akaigeuza na kuketi nje ya mlango wa jiko, pale pembamba kati ya ukuta na tangi la maji.

"Mama, ingia ndani basi."

"Ndani nikafanye nini? Nitazame feni?"

Haikupita wiki, jirani akaja na kigoda chake. Watoto wakahamishia madaftari hapo. Sebule niliyoipigia gipsamu ikabaki na runinga inayojisemea peke yake. Kilichoniuma ni kwamba pale kwenye ndoo sikupachora mimi. Palibaki tu, kama kitambaa kinachobaki kwa fundi cherehani.

Siku hizi sianzi na vyumba. Fanya hivi.

Andika siku ya nyumba yako

Chukua daftari, anza saa kumi na moja alfajiri, shuka mpaka taa ya mwisho inapozimwa. Nani anaamka kwanza, anapita wapi kufuata maji, anamkanyaga nani? Nguo za shule zinapigwa pasi wapi? Anayeswali anatandika msala wapi bila kurukwa na watoto? Maharage yanachemkia wapi, kwa sababu gesi unayo lakini maharage utayapika kwa mkaa, usinidanganye. Pikipiki inalala wapi?

Hilo la pikipiki si utani. Mteja wangu mmoja alikuwa na bodaboda tatu, na kila usiku zililala sebuleni. Tulimpanulia mlango wa mbele mpaka mita moja na ushee, ngazi mbili za kibarazani tukazigeuza mteremko, na kona moja ya sebule tukaiwekea sakafu ya zege tupu isiyoogopa oili. Kwenye picha za simu hutaiona kona hiyo.

Nenda kiwanjani mara tatu

Saa tatu asubuhi, saa kumi jioni, na usiku. Beba kiti. Jioni simama uangalie jua linazama nyuma ya nini, kisha lichore jua hilo kwenye karatasi yako kabla ya ukuta wowote.

Hapa Dar jua la adhuhuri halina shida sana, kwa sababu liko juu. Linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Juni limeegemea kaskazini, Desemba limeegemea kusini, lakini bado liko juu. Paa lililotokeza sentimita 90 linatosha kufunika dirisha la kaskazini au la kusini adhuhuri yoyote ya mwaka. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu jioni jua limeshalala, na sentimita zako 90 zinafunika karibu nusu mita ya ukuta tu. Kinachobaki chote kinaungua.

Kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zikabiliane na jua. Magharibi weka vitu visivyolala: stoo, bafu, ngazi, gereji. Kiwanja kikikulazimisha, panda mti upande huo siku unayochimba msingi, wala usingoje kuhamia. Mwarobaini utakuwa umeshakuzidi kimo siku unayopaka rangi, jinsi tunavyojenga polepole.

Upepo nao una misimu yake. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, miezi ya joto kali, Desemba mpaka Machi. Kusi inakuja kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha linalotazama mashariki hupata sehemu ya zote mbili, na jua lake la asubuhi halitesi kwa sababu nyumba imeshapoa usiku kucha. Vyumba vya kulala vipeleke huko. Barabara ikiwa magharibi, wapita njia waone stoo.

Dirisha na njia ya kutokea

Upepo hauingii chumba usichoweza kutoka. Chumba cha dirisha moja, hata likiwa kubwa kama la duka, ni chupa. Unataka matundu mawili kwenye kuta mbili tofauti, au basi dirisha upande mmoja na nafasi ya hewa juu ya mlango upande wa pili. Nyumba tuliyokulia Magomeni, ile ya vyumba sita yenye korido katikati, vitatu huku vitatu huku, haikuwa na feni, na mchana watu waligombania mkeka wa korido. Mlango wa mbele wazi, mlango wa uani wazi, hewa inapita moja kwa moja. Aliyeijenga hakusomea popote.

Ukitaka kujua chumba unachokaa sasa kina tatizo gani, washa udi karibu na dirisha ukae utazame moshi. Moshi ukijikunja na kuzunguka hapo hapo, hewa haina pa kutokea. Fungua mlango, tazama tena.

Angalizo la madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi: linafunguka nusu. Umelipia futi tano, unapata futi mbili na nusu za upepo, nazo wavu wa mbu unakula sehemu yake. Ama lifanye pana zaidi, ama weka grili kwa ndani ili dirisha lifunguke lote kwa nje. Na juu ya lenta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, acha matundu. Hewa ya moto inapanda, na usipoipa njia itakaa kwenye dari ikikusubiri.

Kizingiti

Hapa ndipo ramani za kwenye simu zinaponiudhi. Unafungua mlango wa mbele, jicho linakwenda moja kwa moja mpaka mlango wa choo. Muuza maziwa anajua rangi ya taulo lenu.

Wazee wa Lamu walilimaliza jambo hili zamani. Nyumba zao za mawe zina daka nje, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya kukalia, mgeni anapokewa hapo. Akikaribishwa, anapita tekani, kijiukumbi cha ndani ya mlango, na njia inapinda, kwa hiyo mlango ukiwa wazi bado aliye barabarani haoni kiwanda, yaani ua wa ndani, wala walio ndani. Kisha misana, kumbi ndefu za ndani, inafuatana, na kadiri unavyoingia ndivyo nyumba inavyozidi kuwa ya wenyewe. Vyumba vyao ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu mpaka tatu kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kubeba zaidi. Mti wa mkoko ndio uliowapangia wapi kitanda kikae.

Wewe una nondo na zege, huna kisingizio. Sogeza mlango wa mbele mita moja pembeni ya korido, au jenga ukuta mfupi unaomgeuza mtu. Choo cha wageni kisitazame meza ya chakula. Mgeni anakula pilau huku anasikiliza maji yakivutwa, anamezaje?

Na nje, jenga baraza. Sisemi varanda yenye nguzo za kizungu, nasema baraza: kimo sentimita 40 mpaka 45, kina kisichopungua 45, paa juu yake, na iwe upande wenye kivuli jioni. Ikizidi kimo hicho miguu ya mzee inaning'inia. Ikipungua, hainuki bila kushikwa mkono. Mji Mkongwe wa Zanzibar mabaraza yamefuata njia, na mvua kubwa ikijaza maji watu hupita juu yake. Kitu kimoja, kazi tatu: kukaa, kuuzia vitu, kuvukia.

Baraza la nyuma ni muhimu kuliko la mbele. Pale pa mkaa, pa karo la nje, pa kuketi kwenye mbuzi ukakuna nazi na miguu umeinyoosha. Mpe anayepika mita moja na nusu yenye paa, kisha keti chini uangalie: je, kutoka hapo anaona geti? Anaona watoto wanapochezea? Dirisha la jiko langu lilitazama ukuta wa jirani. Kwa hiyo kila kelele ya mtoto ilikuwa safari ya kwenda nje.

Machache ya haraka

Paa la kuficha: maji ya mvua yanakusanywa ndani ya nyumba yako kabla ya kutolewa. Majani yakiziba bomba moja tu, dari imelowa. Tena kuta zinabaki bila kofia. Msanifu majengo Beda Amuli alipochora soko la Kariakoo hapa Dar miaka ya 1970, alifanya miavuli ya zege na kuacha hewa ipite chini yake. Mwavuli hauna haya kuonekana kwamba ni mwavuli.

Ngazi: kimo mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, ipate kama sentimita 62. Kimo 17, upana 28, umefika. Zote ziwe sawa. Inayowaangusha watu ni ya kwanza au ya mwisho, kwa sababu fundi alipima kwenye zege akasahau kwamba sakafu itapanda kwa marumaru. Mguu umeshakariri 17, unakuta 13.

Swichi ya taa ya chumbani weka mbili, moja mlangoni na moja kitandani. Wanandoa watakushukuru.

Majivu

Kabla fundi hajapiga kamba, beba gunia la majivu au chokaa, tepu na kamba uende kiwanjani na familia yote. Chora nyumba nzima chini kwa kipimo chake halisi: kuta, milango, hata kitanda na kabati. Halafu iishini kwa saa moja. Ingieni kwa mlango, msiruke kuta. Bibi akae barazani. Mmoja ajifanye mgeni, mwingine atoke bafuni na taulo.

Mwaka juzi nilifanya hivyo Kivule na mume na mke waliokuwa wameng'ang'ania chumba cha futi kumi kwa kumi, kwa kuwa ndicho kila mtu anacho. Kitanda chao ni sita kwa sita. Bwana akalala chini kwenye majivu, suruali na yote. Kabati likachorwa sentimita 60 ukutani. Nikamwambia mke apite kwenda dirishani. Akaenda kwa ubavu, tumbo amelivuta ndani, na alikuwa mjamzito wa miezi sita. Mume akainua kichwa, akamtazama, akasema, "Dada, futa."

Tukaufuta ukuta kwa mguu, tukausogeza futi mbili. Sebule ikapungua, na hakuna aliyeililia. Mkishakubaliana, pigeni picha kutoka juu ya rundo la mchanga kabla upepo haujafuta mistari, pigeni vigingi kwenye kila kona, ndipo mpigie fundi simu.