Majina sawa, diff yasema tafauti: namna ya kulinganisha maandishi kwenye terminal

Hapa Unguja kazi hii haishi: unaletewa listi mbili za watu walewale, moja imetoka Excel nyengine imechapwa simuni, halafu unaambiwa angalia zimetafautiana wapi. Usikae kuzisoma kwa macho jamani, terminal ya Linux (lile dirisha la kuandikia amri) inatosha.

Hatua 1. Ikiwa ni maneno mawili tu, ushayaweka kwenye a na b:

[ "$a" = "$b" ] && echo sawa || echo tafauti

Hizo alama za kunukuu usiziache, jina lenye nafasi katikati kama Chake Chake litakuletea eror. Na nafasi baada ya [ na kabla ya ] nazo ni lazima.

Hatua 2. Mafaili, kwa diff, amri ya kulinganisha mstari kwa mstari:

diff -u zamani.txt mpya.txt

Mstari wa - umo faili la kwanza tu, wa + umo la pili. Isipotoa kitu ndo yako sawa hivo, diff ni programu ya 1974 toka Bell Labs, haina maneno mengi.

Hatua 3. Hapa ndo penye kazi khasa. Diff inakwambia mistari yote tafauti na wewe unatoa macho huoni kitu, basi chungulia ndani:

cat -A mpya.txt | head

Ukiona ^M$ mwisho wa mstari, faili limepita Windows. Halafu kuna hili letu sisi wenye majina kama Ng'ambo, simu nyingi zinaweka ritifaa (hiyo alama ya ') iliyopinda na kibodi ya kompyuta inaweka iliyonyooka, kwa diff hizo ni herufi mbali mbali kabisa, na cat itakuonesha NgM-bM-^@M-^Yambo. Safisha yote kwa mpigo:

tr -d '\r' < mpya.txt | sed "s/’/'/g" > mpya_safi.txt

La zamani nalo hivohivo. Ila usitoe matokeo kwenye faili lilelile unalolisoma, litafutwa kabla hata halijasomwa.

Halafu rudia diff kwa mafaili safi. Herufi kubwa na ndogo zipuuze kwa -i. Wengi wanaongeza na -w, mie kwa majina siitaki, maana "Juma Ali" na "JumaAli" itakwambia kitu kimoja. Tumia -b.

Hatua 4. Mpangilio ukiwa tafauti, diff itakuchosha bure, nenda na comm, amri nyengine ya kulinganisha, lakini yeye anataka listi zilizopangwa:

comm -3 <(sort zamani_safi.txt) <(sort mpya_safi.txt)

Waliosogezwa kulia wamo listi mpya tu, ukitaka waliomo kote kote weka -12. Iendeshe kwa bash (programu inayopokea amri zako kwenye terminal), sh nyengine hazizijui hizo <( ).