Kumtunza mbwa wa mtaani hadi apate mwenyewe

Usimkimbilie. Chuchumaa ukimpa ubavu, usimkazie macho, mtupie vipande vya ini lililochemshwa, kila kimoja karibu nawe kuliko kilichotangulia. Anayepepesuka, kudondosha mate au kung'ata ovyo usimguse. Waite watu wa mifugo. Ukiumwa, hata mkwaruzo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe.

Mtenge na mbwa wako siku 14, vyombo vyake pia, maana parvo, virusi vya tumbo vinavyoua mbwa, hujificha siku kadhaa kabla ya kuhara damu. Aliyekonda usimshibishe mara moja: mwili uliozoea njaa hushtuka, na wengine hufa kwa shibe hiyo. Mgawie kidogo mara nne kwa siku, ugali laini na dagaa wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu. Mifupa iliyopikwa hapana; hupasuka ikatoboa utumbo.

Kupe wanawaponza wengi. Dawa ya josho la ng'ombe ikikorogwa kwa kukadiria humdhuru mbwa, hasa mdogo. Nunua ya mbwa, kipimo kifuate uzito wake. Ya minyoo irudie baada ya wiki mbili. Chanjo ya kichaa huanza akiwa na miezi mitatu.

Jike akitoa matone ya damu yasiyokoma, usidhani ni joto la kutaka dume tu: huenda ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, nao hutibika kwa sindano za kila wiki.

Afungwe kizazi kabla ya kuondoka. Anayemtaka wa kufungia kwenye mnyororo mchana kutwa, mnyime. Anayefaa mkabidhi pamoja na kadi ya chanjo.