Maji moto yanachelewa kufika jikoni? Anza na ndoo kabla ya kununua chochote

Nyumba nyingi ninazofanyia kazi huku Limuru na Tigoni, silinda ya sola iko juu ya paa upande wa vyumba vya kulala na jikoni iko mwisho kabisa wa nyumba, sasa mtu anafungua mfereji anangoja wee mpaka anaosha vyombo na maji baridi, halafu ananipigia simu nimletee silinda kubwa zaidi. Jamani, silinda haina shida. Maji yaliyolala kwa paipu yameshapoa na lazima yatoke yote ndo ya moto yafike.

Hatua ya 1, pima. Asubuhi kabla mtu yeyote hajaoga chukua ndoo yenye alama za lita, fungua mfereji mpaka mwisho, angalia saa ya simu, na maji yakianza kuwa moto andika lita ngapi na sekunde ngapi. Lita zikiwa chache lakini umengoja sana, kwanza fungua kile kichujio kidogo kwa mdomo wa mfereji, mara nyingi kimejaa mchanga, osha urudishe. Lita zikiwa nyingi basi shida ni paipu.

Hatua ya 2, angalia saizi ya paipu. PPR, yaani paipu ya plastiki, ya milimita 32 kwa nje, ile nene ya maji moto, inabeba karibu lita 0.35 kwa kila mita, ya 25 ni kama 0.22, ya 20 ni kama 0.14. Kwa mita 20 hiyo ni lita 7, au 4 na kidogo, au chini ya 3! Na ongeza kidogo juu manake paipu yenyewe inakula joto kwanza. Mafundi wengi wanaweka 32 kila mahali eti presha, lakini kama laini inaenda kwa sinki peke yake 20 inatosha kabisa, ipitishe juu ya silingi njia fupi. Kama inalisha na shawa za watu wengine usiiguse.

Hatua ya 3, ivalishe paipu ile sponji nyeusi ya kuzuia joto lisitoroke. Haitakusaidia na maji ya kwanza ya asubuhi, itasaidia ukifungua tena baada ya muda mfupi. Ya nje kwa jua ifunge na tepu ya alumini, jua linaitafuna.

Hatua ya 4, kama bado, weka laini ya kurudi. Toa paipu ya 20 chini ya sinki, irudishe mpaka pale maji baridi yanaingilia silinda, weka pampu ndogo na nonritani valvu, ile inaruhusu maji kwenda upande mmoja tu, bila hiyo valvu maji baridi yatapitia huko yakuharibie kila kitu. Pampu iwe ya shaba au stenlesi, ya chuma cha kawaida itashika kutu. Na tafadhali usiiache ikizunguka siku nzima, silinda ya sola itapoa usiku wote na hakuna jua la kuirudishia, weka swichi ya kubonyeza jikoni, unabonyeza, unapanga vyombo, paipu ikishika joto unazima.

Kuvunja ukuta ni gharama, najua. Kwa nyumba iliyokwisha mimi napendelea kijisilinda cha umeme cha lita 10 chini ya sinki, na kilishe kutoka laini ya maji moto, sio ya baridi: chenyewe kinatoa zile lita za kwanza, zikiisha ya sola yameshafika. Soma kibandiko kwanza uone kinakubali maji ya kuingia ya joto gani, ya sola mchana yanaweza kupita digrii 80. Cha wati 1500 kinapasha kama dakika 20. Sefti valvu yake, ile inatoa presha ikizidi, usiizibe hata ikidondosha matone, ipitishie kapaipu mpaka dreni, na fundi wa stima akupe waya wake pekee kutoka kwa boksi, wenye athi, yaani ule waya unaoingia ardhini kwa usalama.